Kompyuta za mwaka 1982 zinarudi sokoni, na muchimbaji iko ndani

Huko Uingereza, tangu tarehe 22 Novemba 2024, watu wananunua upya kompyuta yenye baba zao walinunua ku 1982. Inaitwa The Spectrum. Ni kisanduku cheusi kidogo, unene wake sawa Biblia ya mukononi, kiko na vibonyezo vya mupira na mistari mine ya rangi ku pembe ya kuume. Ku mwanzo bei ilikuwa chini kidogo ya pauni 90, na ndani wameweka michezo 48. Kisanduku cha kwanza kilitoka Aprili 1982, kazi ya kampuni ya Clive Sinclair. Wakati ule mutu alilipa pauni 125 kwa ile yenye kumbukumbu ndogo, ao 175 kwa ile ya kilookteti 48.

Kilookteti 48, ndugu musomaji. Picha moja tu yenye mutoto wako anakutumia ku WhatsApp inaizidi.

Najua vile mutaniuliza. Mwaka 2024 barabara ya Masisi ilifungwa, wandugu wa Rubaya walilala ndani ya mahema Bulengo na Rusayo, na huyu mutu wa sendika anatuletea habari za kompyuta za wazee wa Ulaya? Ndiyo, nawaletea, juu sijui kitu kingine cha nyumbani, hata redio, chenye kinamuonyesha muchimbaji wazi kama hizi kompyuta. Iko ndani yao mara mbili. Kwanza kwa jiwe lenyewe. Kisha kwa michezo: ile yenye ilizipa jina, mingi inaongea juu ya shimo, hewa, baruti na mawe yenye kuanguka. Hata grevi iko ndani.

Kwa wenye walizaliwa kisha telefone kufika, nieleze kidogo. Kompyuta ya nyumbani ya wakati ule haikukuwa na kioo chake. Unaiunganisha na televizio ya sebuleni, na baba anakasirika juu anataka kuangalia mupira. Programu zilikuwa ndani ya kaseti, ile kaseti kabisa yenye sisi tulisikilizia Franco na Pepe Kalle. Unaweka kaseti ku radiokaseti, unabonyeza, inapiga miruzi na kelele ya kukwaruza dakika nne, tano, na kama mutu amepita akagusa waya, unaanza upya. Ku Uholanzi redio ya taifa, NOS, ilikuwa na kipindi Hobbyscoop chenye kilikuwa kinatuma programu hewani. Watu wanakamata ile kelele ku kaseti, kisha wanaiingiza ndani ya kompyuta. Sawa vile Radio Okapi iseme: kisha habari, tayarisheni kaseti zenu, tunawatumia hesabu.

Mwaka ule ule 1982 Marekani ilitoa Commodore 64, dola 595 ku mwanzo, na iliuzwa zaidi ya milioni 12. Wafaransa walikuwa na zao za Thomson, TO7 na MO5, na 1985 serikali ya Fabius iliziingiza ku mashule kwa makumi ya maelfu. Hata Dakar, tangu 1982, kulikuwa watoto wenye walifundishwa lugha ya Logo ku kompyuta. Sisi huku mwaka 1982, Mobutu alitoa sheria ya kuruhusu raia kuchimba zahabu na diama kwa mukono. Kila mutu na kitu chake cha 1982.

Sasa tuingie shimoni.

Muchezo wenye uliitingisha Spectrum unaitwa Manic Miner, maana yake muchimbaji mwenye wazimu. Uliandikwa na Matthew Smith mwaka 1983, kijana mwenye hakufikisha hata miaka 18, na aliumaliza ndani ya wiki nane hivi. Muchimbaji jina lake Willy. Anapata shimo la zamani lenye watu walisahau. Wenye shimo walikuwa taifa kubwa, waliweka marobo ya kuchimba kwa ajili ya viwanda vyao, kisha vita ikafika, taifa likaanguka, na hakuna mutu mwenye alikumbuka kuambia marobo kwamba kazi imeisha. Yako yanachimba tu, miaka maelfu, yanajaza mawe yenye hakuna munyunuzi. Mimi nikisoma hii hadithi nilicheka, kisha nikaacha kucheka.

Willy iko na mapango 20 ya kupita. Ndani ya kila pango kuko funguo za kuokota, na chini ya picha kuko mustari mumoja wenye unapunguka polepole. Ule mustari ni hewa. Ikiisha, Willy anakufa. Angalieni, kijana wa Uingereza, mwenye sijui kama alishuka shimoni hata siku moja, alielewa kitu chenye manegosia wengi wa kwetu hawajaelewa: mbele ya jiwe, mbele ya kilo, kuko hewa. Wenye wamefanya kazi ku shimo refu wanajua ile mashini ya kupuliza hewa na mupira wake murefu. Petroli ikiisha juu, wenye wako chini wanasikia ukimya mbele ya kusikia joto. Mustari wa Willy ni ule ukimya, umechorwa.

Kisha kuko Boulder Dash, ya 1984. Hapa unachimba udongo, unaokota diama, na sheria ya muchezo ni moja tu: ukiondoa udongo chini ya jiwe, jiwe linaanguka. Likikukuta, umeisha. Linaweza kungoja kidogo, linaweza kuviringika pembeni na kuangukia mahali penye haukutazamia. Watoto wa Ulaya walijifunza hii kwa kufa mara mia na kuanza upya. Sisi hatuanzi upya. Sheria ya mine ya inchi yetu inasema muchimbaji wa mukono asipite metre 30 kwenda chini, na kila mutu mwenye amefika ku karre anajua mashimo yenye yalipita ile metre zamani, na miti ya kushikizia yenye iliwekwa moja pahali pa tatu juu PDG wa shimo alisema mbao ni feza. Kama ningekuwa na uwezo, ningeonyesha Boulder Dash ku kila mafunzo ya usalama, mbele ya yule bwana wa ofisi kufungua karatasi zake.

Mwaka ule ule 1984 ilitoka ingine, H.E.R.O. Humo muchezaji ni muokozi. Iko na helikopta ndogo ku mugongo na baruti kidogo, na ku mwisho wa kila shimo kuko muchimbaji mumoja amefungiwa, amekaa anangoja. Nguvu ya mashini inapunguka, unapasua ukuta, unamufikia. Muchezo mzima ni kufikia mutu mwenye amefunikwa. Hakuna kuokota kitu. Kwetu helikopta ya kuokoa muchimbaji sijaiona. Wenye wanakuja ni wenzake, na beshi, na baramini, na mikono, na mama wa chakula anazima moto wake ili wote wasaidie kubeba udongo. Hii ingekuwa muchezo mwingine, na ningeucheza.

Lakini wenye ulinikamata zaidi, kama mutu wa sendika, ni Wanted: Monty Mole, ya 1984 tena, kazi ya Peter Harrap, ilitolewa na kampuni Gremlin Graphics. Kwa kuuelewa lazima ujue mwaka ule. Machi 1984 wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza waliingia grevi juu serikali ya Thatcher ilitaka kufunga mashimo. Sendika yao, NUM, ilikuwa chini ya Arthur Scargill. Watu zaidi ya laki moja walikaa nyumbani bila mushahara, wengi wao karibu mwaka mzima. Wake zao walipika chakula cha pamoja ndani ya masalle ya kijiji. Machi 1985 walirudi kazini bila kupata kitu, na mashimo yakafungwa moja moja.

Sasa ndani ya muchezo, Monty ni fuko, yule munyama mwenye kuchimba udongo. Baridi imefika, makaa hakuna juu ya grevi, na Monty anaingia shimoni kuiba makaa yake. Na ku mwisho wa njia, adui mwenye anamungojea ni nani? Ni Scargill mwenyewe! Televizio ya Uingereza iliuongelea, muchezo ukauzwa sana, na Monty akapata michezo mingine miaka yenye ilifuata.

Wenye kupenda kompyuta za zamani wanasema ni kichekesho tu cha wakati ule. Inawezekana. Mimi naona kitu kingine. Watu wa grevi walikuwa na mabango, na nyimbo, na magazeti yao madogo, lakini hakuna hata mumoja alikuwa ndani ya kisanduku chenye watoto walikuwa wanacheza kila mangaribi. Mutoto wa muchimbaji wa Yorkshire, baba yake hana mushahara, anacheza kumushinda kiongozi wa baba yake. Kama sendika ingekuwa na kijana mumoja tu mwenye kujua kuandika programu, muchezo ungekuwa na upande wa pili.

Mutajiuliza kama haya yote ni maiti ya zamani. Hapana, na njo kitu chenye kinashangaza. Watu wangali wanaandika michezo mipya ya hizi mashini, hata leo. Mwaka 2011 mutu mumoja wa Austria aliingiza Prince of Persia ndani ya Commodore 64, kitu chenye ku wakati wake hakikufanyika. Mwaka 2017 ilitoka Sam's Journey, mpya kabisa, ya Commodore 64, na inauzwa ku diskete na ku katriji, na kitabu chake kimepigwa chapa, sawa vile mwaka ni 1987. Ku Texas, David Murray aliandika muchezo mumoja akauweka ndani ya mashini nyingi za zamani, na pia akaanzisha kompyuta mpya mwenyewe, Commander X16, yenye inafikiri kama ya 1982 lakini imetengenezwa na vipande vyenye vinapatikana leo.

Na mbele ya The Spectrum ya 2024 kulikuwa Spectrum Next. Mwaka 2017 wapenzi wenyewe walichanga zaidi ya pauni 700,000 ku intaneti ili itengenezwe. Umbo lake lilichorwa na Rick Dickinson, ule ule mwenye alichora ya 1982. Alikufa 2018 mbele ya kuiona ikifika kwa watu. Ndani hamuna kipande cha zamani. Kuko chipu yenye inaweza kupangwa upya kwa ndani, unaiambia uwe Spectrum, inakuwa Spectrum. Kwa mutu mwenye amezoea kusikia eti kitu cha miaka mitano ni kizee, tupa, nunua kingine, hii ni habari kubwa. Hawa watu wanakatalia mashini kufa.

Tena kuko sanaa. Spectrum inaonyesha rangi 15 tu, na ndani ya kila kikata kidogo cha nukta 8 kwa 8 zinaingia rangi mbili, basi. Muchoraji anapanga kikata kwa kikata. Mama mwenye anafuma kapo anajua hii kazi: uzi mumoja ukikosa mahali pake, ua lote linakuwa kilema. Ku Commodore wengine wanachora na alama za vibonyezo tu, herufi na vipande vya mistari, na inatoka uso wa mutu, inatoka muji wa usiku. Kila mwaka wanakutana kushindana, ku Finland tangu 1992, na Aprili 2020 inchi ya Finland iliandika hii sanaa yao ku orodha ya urizi wa taifa. Ujerumani ikafuata 2021. Urizi wa taifa, kwa vijana wenye wanachezesha mwanga ndani ya kilookteti 64.

Sasa jiwe.

Nisiwadanganye, ndani ya Spectrum ya kwanza kolta haiko mingi. Kuko kipande kinaitwa kondansateri. Ni sawa bidon ndogo ya umeme: inajaa, inatoa kidogo kidogo, ili umeme usitingishike. Ndani ya kompyuta za bei ndogo nyingi zilikuwa za aluminiamu, na hizo ziko na maji ndani. Kisha miaka makumi mbili, tatu, yanavuja na kukula njia za shaba ku plake. Za tantali ni kavu. Unga wa tantali umeshikanishwa na moto mukali mpaka ukawa kajiwe, kanaweza kuwa kadogo kama punje ya muchele, na umeme unakaa juu ya ngozi yake nyembamba. Unga ule unatoka ku kolta. Ndani ya kompyuta ya IBM ya 1981, ziko, na wenye kukusanya wanazijua kwa sauti: mashini imelala miaka, unaiwasha, unasikia paa! na moshi kidogo. Wanacheka, wanabadilisha, inaendelea.

Ile kubadilisha imekuwa biashara nzima. Mutu anauza kamufuko kamoja kwa kila aina ya kompyuta, ndani kondansateri zote zimehesabiwa, za Amiga 1200 peke, za Macintosh peke. Wengine wanaweka za udongo wa kuchoma, wengine wanaweka za tantali juu hazivuji. Kwa hiyo mashini yenye ilitengenezwa bila kolta yetu inaweza kuwa nayo leo. Hata wakati ule tantali mingi ya dunia ilitoka mbali na sisi, ku takataka za kuyeyushia bati huko Thailand. Wathai walijenga kiwanda Phuket. Juni 1986 raia wakakichoma moto juu waliogopa sumu yake. Nawaza mara mingi juu ya wale raia.

Bati ni hadithi ingine, na hii inatugusa zaidi. Kila kipande ndani ya kompyuta kimeshikanishwa na bati. Karibu nusu ya bati ya dunia inaishia ku kusude. Na hapa Kivu bati ilikuwa ya SOMINKI, yenye ilizaliwa 1976 kwa kuunganisha makampuni ya zamani ya Wabeleji. Ilikuwa na kambi, na mashule, na dispansari. Wazee wangali wanaongea juu ya ngano na samaki wa posho. Basi tarehe 24 Oktoba 1985, London, lile baraza la kimataifa lenye lilikuwa linashikilia bei ya bati likasema feza zimeisha. Soko likafungwa. Bei ikaanguka karibu nusu. Krismasi ya mwaka ule, ndani ya nyumba za Ulaya, watoto walifungua maboksi ya Commodore na Spectrum zenye zimejaa bati, na ndani ya kambi za Kivu na Maniema watu walianza kungoja mishahara yenye haikukuja. SOMINKI ilijikokota mpaka 1997. Wafanyakazi wake wengi, na watoto wao, njo sisi tunaitwa makreza leo.

Ya PlayStation 2 munaijua wenyewe. Ilitoka Japani Machi 2000. Mwaka ule kolta ilipanda kutoka dola makumi tatu na kidogo kwa livre moja mpaka kupita 300, watu wakaacha mashamba Masisi nzima, na Novemba RCD ikapatia SOMIGL peke yake ruhusa ya kuuza inje. Kisha 2001 bei ikaanguka, na wenye waliacha mashamba wakarudi kukuta majani. Kuko watu Ulaya wanapenda kusema ni PlayStation njo ilileta ile homa. Haikukuwa yenyewe peke: kulikuwa matelefone, na wanunuzi wenye waliogopa kukosa wakajaza madepo. Leo PlayStation 2 yenyewe imekuwa kitu cha zamani, watu wanaitafuta, wanaifungua, wanasafisha plake na burashi ya meno. Naomba mwenye anaifungua ajue kwamba ndani kuko mwaka 2000 wa mutu fulani.

Na Rubaya ya sasa? Tarehe 30 Septemba 2024 Bintou Keita wa MONUSCO aliambia Baraza la Usalama kama Rubaya inatoa zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia, na kikundi chenye kinaishika, M23, kinavuna karibu dola 300,000 kwa mwezi. Hesabu ya silaha inajulikana. Hesabu ya hewa na miti ya kushikizia, hapana.

Wasanii wetu hawakungoja. Kinshasa, Kongo Astronauts wanatembea mutaani na nguo ya mutu wa anga yenye imeshonwa na plake za mashini zilizokufa. Maurice Mbikayi, mwana wa Kinshasa mwenye anafanyia kazi Cape Town, anashona makoti ya sapeur na vibonyezo vya kompyuta, herufi zote zinaonekana. Napenda hizi kazi kupita muchezo mumoja wa 2011, Phone Story, wa Muitaliano mumoja, wenye Apple iliufukuza ku duka lake. Ndani yake watoto wanachimba kolta, na wewe muchezaji unawasukuma na askari wenye bunduki. Ni ukweli, sikatai, na Apple kuufukuza inaonyesha ulichoma mahali. Lakini wachimbaji ndani yake hawaongei. Hawana kooperative, hawana sendika, hawana mama mwenye anauza sombe ku mulango wa karre. Willy alau anaruka.

Wandugu wa Birere, wenye munakarabati matelefone na meza moja na kioo cha kukuza, hii kazi yenye wazungu wanafanya kwa furaha munaifanya kila siku kwa kula. Tafazali musichome plake za zamani kutafuta shaba. Kondansateri za tantali ziko zinaonekana: rangi ya njano ao nyeusi, mraba, mustari upande mumoja. Zinatoka mzima na joto kidogo. Na vijana wa wachimbaji wenye wamekimbilia muji wangeweza kujifunza hii ku meza zenu. Sendika yetu iko tayari kuongea na mwenye anataka kupokea hata wawili.

Kwa mwenye anataka kuonja bila kununua kitu: kuko programu za bure zenye zinaigiza hizi mashini. Kwa kompyuta, ya Spectrum inaitwa Fuse, ya Commodore inaitwa VICE, na kwa telefone ya Android ziko mbalimbali, andika tu "Spectrum" ku duka la programu. Hazikuli megabaiti mingi. Mutafute Boulder Dash, mucheze na watoto, na kila jiwe likianguka muwaulize ni mutu gani alitoa udongo.

Lakini mbele ya kucheza, jaribuni hii. Spectrum ikiwaka inangoja uiandikie. Haupige neno zima: bonyeza I inaandika INPUT yenyewe, bonyeza P inaandika PRINT.

10 INPUT K
20 INPUT T
30 INPUT B
40 PRINT K*T/100*B

K ni kilo zako. T ni teneri, ile asilimia ya tantali ndani ya jiwe. B ni bei ya kilo moja ya tantali safi ya ndani. Bonyeza R, kisha ENTER. Tuseme, kwa mufano tu, kilo 10, teneri 30, bei dola 150. Inajibu 450. Sasa rudilia, lakini pahali pa 30 weka 22, juu ule bwana mwenye alishika bunduki ya spektrometri amesema ni 22, na wewe haukuona kioo chake. Inajibu 330. Dola 120 zimebaki ku meza yake, na kilo ni zile zile.

Mistari mine tu. Mashini ya 1982 inaiweza, na telefone yenye imepasuka kioo inaiweza. Kisha ongeza musitari 50 kwa makato: ya PDG, ya kooperative, ya taksi, ya barrière. Kila moja na herufi yake. Yenye wanakupatia karatasi, iweke mbele. Yenye haina karatasi, ipatie musitari wake yenyewe, na uache kioo kiionyeshe.